Maswali ya Wasomaji: Mwaka wa Kwanza Chuoni, Nusu Darasani na Nusu Mtandaoni

Tangu matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, ya mwaka 2020 yalipotangazwa tarehe 10 Mei 2021, barua nyingi zilizofika katika safu hii zilihusu chuo kikuu ambacho mwanafunzi angekihudhuria kwa vipindi tu, huku mihadhara mingi akiifuata kwa simu kwa sababu ya korona. Tumechagua barua tatu za Septemba 2021. Anayezijibu ni mhadhiri aliyefundisha kwa utaratibu huo tangu mwaka 2020.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 19 kutoka Garsen, Kaunti ya Tana River. Nimepata nafasi ya kusomea ualimu wa Kemia na Biolojia katika chuo kikuu cha umma jijini Nairobi. Barua ya kuitwa inasema tutaripoti mwezi huu wa Septemba, tukae majuma mawili kwa ajili ya usajili, kisha turudi makwetu tufuate mihadhara mtandaoni hadi tutakapoitwa tena kwa kazi za maabara na mitihani. Hapa kwetu mtandao hushika vizuri sokoni tu. Kompyuta sina, na simu yangu imepasuka kioo ingawa inafanya kazi. Baba anauliza kuna faida gani kulipa nauli ya Nairobi kwa majuma mawili. Mimi ninaogopa jambo jingine, kwamba nitamaliza mwaka mzima bila kumjua mtu na bila mtu kunijua. Nifanye nini?
Kijana wa Garsen

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Nyinyi mlifungiwa shule mwezi wa Machi 2020 mkiwa katika muhula wa kwanza wa kidato cha nne, mkarudi darasani tarehe 12 Oktoba, na mtihani mkaufanya mwaka uliofuata. Aliyevuka hayo na kupata nafasi ya chuo kikuu ameshajizoeza kusoma wakati hali haitabiriki, na mazoea hayo utayahitaji.

Nianze na swali la baba, ambalo ni la haki kwa mtu anayehesabu nauli. Mwambie kwa heshima kwamba majuma hayo mawili ndiyo yenye thamani kubwa kuliko mengine yote ya mwaka huu. Mhadhara utakufuata Garsen hata ukichelewa kwa siku mbili, kwa maana utarekodiwa, au maandishi yake yatawekwa kwenye tovuti ya masomo. Wenzako, karani wa idara, fundi wa maabara na mhadhiri wako hawatakufuata huko. Watu hao inakupasa uwatafute ukiwa hapo kwa miguu yako. Hofu uliyoitaja mwishoni mwa barua yako ndiyo kiini cha jambo lenyewe, na nimefurahi kwamba umeiona kabla ya kuondoka nyumbani.

Mwaka 2020 nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye nililiona jina lake katika orodha ya waliohudhuria kwa majuma matano mfululizo, bila kusikia sauti yake wala kupata swali lolote kutoka kwake, nami nikadhani kwamba hana shida. Juma la sita kazi yake haikuja, na la saba pia haikuja. Nilipompigia simu, nikaelezwa kwamba kila asubuhi alikuwa akipanda mlima kutafuta mtandao, na mvua za vuli zilipoanza akawa hawezi tena kupanda. Kosa la kutouliza mapema lilikuwa langu, na bado linaniuma. Lakini ninakueleza hayo ili ufahamu kwamba mhadhiri mwenye majina mia mbili kwenye skrini hana namna ya kumtambua anayezama kimya. Darasani ningeuona uso wake, au ningekiona kiti chake kitupu.

Kwa hiyo, siku za mwanzo chuoni, tafuta wanafunzi wa kozi yako wanaotoka sehemu za karibu nawe, kama vile Hola, Malindi au Lamu, mfanye kundi dogo la watu wanne hadi sita. Kundi la WhatsApp la darasa zima utaingizwa tu, lakini humo ujumbe muhimu huzama katika salamu na picha. Kundi dogo ndilo litakalokuuliza mbona jana hukuonekana, na ndilo litakalokusomea tangazo kwa simu ya kawaida siku ambayo bando limekwisha. Kisha nenda ofisini kwa kila mhadhiri unayeweza kumpata, ujitambulishe kwa sentensi mbili: jina lako, na kwamba unasomea mahali ambapo mtandao ni wa shida. Hutaonekana mlalamishi. Mhadhiri akishalijua hilo mapema, anaweza kuweka maandishi ya somo siku moja kabla, au kukukubalia kutuma kazi baada ya saa sita za usiku, wakati ambapo mtandao mara nyingi huwa mwepesi.

Jambo la pili la kufanya kabla hujaondoka Nairobi ni kuhakikisha kwamba kila mlango wa mtandaoni unafunguka. Pata barua pepe ya chuo na nywila, uingie kwenye tovuti ya masomo ukiwa papo hapo mbele ya ofisi ya teknolojia, maana kurekebisha nywila kutoka Garsen kunaweza kukugharimu juma zima. Ulizia namna ya kusoma vitabu vya maktaba ukiwa nje ya chuo. Ulizia pia kama chuo chako kimejiunga na eduroam, utaratibu unaosimamiwa hapa nchini na KENET, mtandao unaounganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti. Kama kimejiunga, nywila yako ya chuo itakuwezesha kutumia intaneti bila malipo katika taasisi nyingine iliyojiunga, hata kama ni mgeni uliyepita tu. Zaidi ya hayo, KENET na kampuni za simu zimekuwa na mipango ya bando za bei nafuu kwa wanafunzi kupitia vyuo vyao. Usiondoke bila kuuliza.

Yafanye hayo yote kana kwamba lango litafungwa kesho, kwa maana limeshafungwa mara mbili. Mwezi wa Machi 2020 vyuo vyote nchini viliagizwa kufunga ifikapo tarehe 20, na wanafunzi wakabeba walichoweza kubeba. Tarehe 26 Machi 2021, masomo ya ana kwa ana yakasimamishwa tena katika kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, na wengi wakarudi makwao bila kutarajia.

Sasa kuhusu bando na simu yako. Mhadhara wa moja kwa moja wenye picha unaweza kula gigabaiti moja kwa saa, na wakati mwingine zaidi, hasa watu wengi wanapofungua kamera. Ukisikiliza sauti tu, gharama hushuka mno, na maandishi ya somo hilo hilo hayazidi megabaiti chache. Basi ukiwa sokoni, pakua maandishi na rekodi za juma zima, uende kusomea nyumbani kwa utulivu. Vyuo vingi hutumia Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, na programu yake ya simu huruhusu kupakua masomo na kuyasoma bila mtandao. Hifadhi mhadhara wa moja kwa moja kwa somo linalokushinda, lile ambalo unahitaji kuuliza swali likajibiwa papo hapo. Ninasema hivi nikijua kwamba baadhi ya wenzangu huhesabu mahudhurio kwa kuangalia nani yupo hewani. Ndiyo sababu ninasisitiza ujitambulishe kwao mapema.

Kompyuta usiikimbilie. Usisahau kuomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, mara tu maombi yanapofunguliwa. Kwa shahada ya kwanza, mwaka 2021 mkopo huo ulikuwa kati ya shilingi 35,000 na 60,000 kwa mwaka, na sehemu ya karo hulipwa chuoni moja kwa moja. Lakini fedha za matumizi huweza kuchelewa, hasa kwa mwaka wa kwanza, na ni hatari kununua kompyuta kwa deni ukitegemea fedha ambazo hazijaingia. Muhula wa kwanza simu itatosha kwa kusoma, na kazi za kuchapa utazifanya saiba, yaani kwenye duka la kompyuta na intaneti.

Kuna jambo moja ambalo simu haitakupa kamwe, nalo ni maabara. Utaona video za mtu akipima tindikali kwa bureti na pipeti, nawe utadhani umeelewa. Kuelewa huko ni kwa macho, ilhali mwalimu wa Kemia hufundisha kwa mikono, na kesho wewe ndiwe utakayesimama mbele ya watoto wa kidato cha pili ukiwaonyesha. Siku za maabara zitakapotangazwa, fika wa kwanza, rudia jaribio kama fundi atakuruhusu, na ukikosa nafasi mwombe akupangie saa nyingine. Fundi wa maabara ni mtu wa kumheshimu sana na kumsalimia kwa jina.

Kwa safari, panda basi la mchana. Na kwa kuwa umeshatimiza miaka 18, unaweza kupata chanjo ya korona. Ipate kabla ya kuingia bweni lenye vitanda vilivyokaribiana, kwa ajili yako na kwa ajili ya wazee utakaowarudia.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wanne hapa Kisauni, Mombasa. Ninauza mahamri na mbaazi asubuhi, na viazi karai jioni. Binti yangu ameanza chuo kikuu mwezi uliopita kwa mtandao. Kutwa nzima yumo chumbani na simu, nikimwita anisaidie anasema yuko darasani. Je, hayo ni masomo kweli? Na mbona karo haikupungua?
Mama wa Kisauni

JIBU: Dada yangu, pole kwa kazi. Ndiyo, ni masomo kweli, na tena ni magumu kuliko yale ya kukaa ukumbini, kwa sababu binti yako anaitwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Anayeondoka darasani mara tatu kwa saa ili kuangalia jiko hasikii mhadhara, na mbaazi nazo haziivi sawasawa.

Mwombe akuandikie ratiba yake kwenye karatasi, mwibandike jikoni: saa za mihadhara, saa za kusoma peke yake, na saa za kukusaidia. Kwa saa zake za darasa, mhesabu kama mtu aliyekwenda Nairobi, hayupo, na wadogo zake waambiwe hivyo. Kwa saa zako, simu ikae mbali naye. Nimeona nyumba ambazo msichana amekosa masomo na kaka yake hakukosa, kwa kuwa kaka hakuitwa jikoni hata mara moja. Ikiwa ana kaka, kazi hiyo igawanywe. Kama una shaka kwamba anasoma, usimpokonye simu. Mwambie akueleze jioni alichojifunza, kwa maneno yake mwenyewe, huku mkimenya viazi.

Kuhusu karo, mwaka 2021 mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali katika chuo cha umma alilipa shilingi 16,000 kwa mwaka za masomo, na hizo hazikupungua kwa sababu wahadhiri na mitihani ni wale wale. Lakini zipo ada nyingine zinazoandikwa pembeni. Chukua karatasi ya karo, uisome mstari kwa mstari. Ada ya bweni ambalo hakulala inakupasa uiulizie kwa maandishi, na udai risiti au irejeshwe muhula ujao. Ni haki yako, na kwa maoni yangu vyuo vingepaswa kuwaeleza wazazi jambo hilo bila kungoja kuulizwa.

SWALI: Umeme ukikatika katikati ya mtihani wa mtandaoni, nifanye nini?
Mwanafunzi, Kakamega

JIBU: Jibu la swali hili litafute kwa mhadhiri wako kabla ya siku ya mtihani, kwa maana kila idara ina kanuni yake. Siku yenyewe, ichaji simu ijae hata kama unatumia kompyuta, uwe na bando la akiba ndani yake, na uhifadhi majibu kila unapomaliza swali. Umeme ukikatika, piga picha ya skrini inayoonyesha saa, kisha mtumie mhadhiri ujumbe papo hapo wenye jina lako, namba ya usajili na swali ulilofikia. Ukingoja hadi kesho yake, hana namna ya kulitofautisha tatizo lako na udhuru wa mtu ambaye hakusoma.