Shangazi, nikigonga Nordschleife bima italipa?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Tanga, miaka 34, naishi Köln na mke wangu na mtoto wetu wa miaka miwili. Nafanya kazi ya umeme. Mwaka jana nilinunua Toyota GR86 iliyotumika kwa mkopo wa benki, na mke wangu naye alitia saini. Tunadaiwa bado yuro 24,000. Wenzangu kazini wikiendi huenda Nordschleife, ile njia ndefu ya zamani ya mashindano ya magari kule Nürburgring, unalipa tiketi unazunguka na gari lako. Nimeshakwenda mara mbili. Nyumbani nilisema nipo kazini. Sasa mke wangu amekuta risiti kwenye koti na kasema nikirudi kule, yeye anarudi kwao. Namwambia nina bima kubwa, Vollkasko, na pale si mashindano, ni barabara tu ya kulipia. Rafiki yangu anasema hata bima ikileta ubishi, gari linavutwa mpaka barabara ya nje, unasema ulikuwa unamkwepa kulungu. Nani yuko sahihi, mimi au mke wangu?
Mpenda Kona, Köln

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye "barabara tu" uko sahihi nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza wengi.

Siku za Touristenfahrten, yaani siku ambazo watu huingia na magari yao kwa tiketi, ile njia ya kilomita 20.832 inahesabiwa kisheria kuwa barabara ya kulipia ya upande mmoja. Sheria za barabarani za Ujerumani zinatumika: unakaa kulia, unampita mtu kwa kushoto tu, kujipima muda ni marufuku. Kwa hiyo Haftpflicht yako, ambayo kwetu tungeiita bima ndogo, kwa kawaida inasimama. Ukimgonga mwenye Porsche au ukakunja kingo za chuma za pembeni, inalipa, kisha daraja lako la kutokuwa na ajali linashuka na mwakani ada inapanda. Abiria wako yumo. Wewe dereva humo, labda uwe umekata nyongeza ya kumlinda dereva.

Gari lako ni habari nyingine kabisa. Vollkasko si bima ya lazima, kwa hiyo kampuni ina uhuru mkubwa wa kuchagua isicholipia. Mikataba ya zamani ilikataa mashindano na mazoezi yake, yaani pale lengo ni spidi ya juu kabisa. Wenzako wanaosema "pale si mashindano" wanasoma mkataba wa enzi hizo. Mingi ya sasa imeongezewa sentensi inayokataa safari yoyote kwenye njia ya mashindano ya magari, hata kama hakuna anayeshindana, na mingine inataja Touristenfahrten kwa jina. Sentensi hiyo huikuti kwenye ukurasa wenye bei. Chukua kijitabu cha masharti, kile kinachoitwa AKB, nenda sehemu ya Kasko, tafuta kichwa "Was ist nicht versichert?" (nini hakina bima). Pitisha kidole mpaka ukutane na neno "Rennstrecken", yaani njia za mashindano. Ukilipata, soma mpaka kwenye nukta, kwa sababu mara nyingi mwisho wa sentensi ndipo panaporuhusiwa mafunzo ya udereva salama, na hayo nitayarudia.

Usipolikuta neno hilo, bado usishangilie. Sheria inairuhusu kampuni kukata fidia kulingana na ukubwa wa uzembe wako. Kampuni nyingi zimeahidi ndani ya mkataba kutoitumia haki hiyo, lakini si zote. Angalia maneno "grobe Fahrlässigkeit", yaani uzembe mkubwa.

Na usipige simu kuuliza. Anayepokea simu atakujibu "ndiyo" kwa ukarimu, na siku ya siku hakuna atakayemkumbuka. Andika barua pepe yenye namba ya mkataba na sentensi moja: "Bin ich bei Touristenfahrten auf der Nordschleife in der Vollkasko versichert?" Yaani, Vollkasko yangu inanilinda siku hizo za tiketi kule Nordschleife? Jibu lolote lisilo "ja" lililo wazi, lihesabu kuwa hapana. Wakati huohuo fungua mkataba wa mkopo. Benki huwa inadai gari liwe na Vollkasko muda wote wa deni, na mikataba mingine inakataza moja kwa moja kulipeleka gari kwenye njia za mashindano.

Sasa kuhusu huyo kulungu. Achana na rafiki huyo. Gari lililosugua kingo linabeba alama ndefu ya chuma kwa urefu uleule ubavuni, wala halina unyoya hata mmoja. Njia ina kamera na wafanyakazi, na kompyuta ya mifuko ya hewa hutunza spidi ya sekunde za mwisho. Kudanganya kuhusu mahali pa ajali ni jinai, na kunaweza kukupotezea hata fidia ambayo pengine ungeilipwa ungesema kweli. Isitoshe, kugusa kingo kisha kuondoka kimyakimya ni kosa la kukimbia ajali, hata kama hakuna aliyeumia.

Tupige hesabu, kwa sababu naona hujaipiga. Tuseme gari lina thamani ya yuro 30,000. Linaharibika lisitengenezeke, Kasko inakataa. Unauza mabaki kwa bei ya mabaki, na benki inaendelea kudai zile 24,000, rejesho la kila mwezi kama kawaida. Mkeo alitia saini, kwa hiyo naye anadaiwa, na benki haiulizi nani alikuwa kwenye usukani. Kuna na bili ya njia yenyewe: kingo hupimwa kwa mita na nguzo zake, kuna gari la kuvuta, kuna muda wa wafanyakazi. Bili ya kingo unaipeleka kwenye Haftpflicht. Ya kulivuta gari lako jiandae kuitoa mfukoni.

Utaniambia unaendesha kwa uangalifu. Sikatai, lakini pale uangalifu wa barabarani hautoshi. Njia ilifunguliwa 1927, inapanda na kushuka takriban mita 300 ndani ya msitu wa Eifel, na ukanda wa majani kabla ya kingo sehemu nyingi ni mwembamba kuliko gari lako lilivyo refu. Ukitoka nje, huna pa kupunguzia mwendo. Niki Lauda, dereva wa Formula 1, aliungua karibu na kona ya Bergwerk tarehe 1 Agosti 1976, na Formula 1 haikurudi tena kwenye njia hiyo ndefu.

Mahali pa kukuonyesha ni Fuchsröhre. Unashuka bondeni mafuta yamekanyagwa, gari linakandamizwa chini, halafu unapanda kilima. Juu yake ipo Adenauer Forst, kona mbili za polepole, kushoto kisha kulia, ambazo huzioni mpaka umezifikia. Mgeni anazifikia akiwa bado na spidi ya bondeni. Mwenye bahati anapitiliza majanini. Asiye na bahati anashtuka katikati ya kona na kuachia mafuta ghafla: uzito unaruka mbele, tairi za nyuma zinakuwa nyepesi, na gari kama lako linalosukumwa na tairi za nyuma linatupa mkia. Anakata usukani kupita kiasi, mkia unarudi upande wa pili kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo kingo zinapokunjwa. Kwa hiyo breki zote zimalizwe kabla ya kona, na ile swichi ya kuzuia kuteleza usiiguse, hata wenzako wakikucheka.

Breki nazo. Mafuta ya breki aina ya DOT 4 yakiwa mapya lazima yahimili angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka; yakishanyonya unyevu, kipimo kinaruhusu yashuke hadi 155. Yakichemka yanatengeneza mapovu, na pedali inazama kana kwamba umekanyaga sponji. Mafuta ya miaka mitatu ni ya kumwaga. Pedi zilizobaki chini ya nusu, usiende nazo. Toa kila kitu kinachoweza kubiringika ndani ya gari, chupa ya maji kwanza, kwa sababu makazi yake ya mwisho ni chini ya pedali ya breki. Ukimaliza mzunguko, endesha taratibu breki zipoe, na ukiegesha usivute hendibreki, weka gia.

Ukiona maji au oili inavuja, jibane pembeni palepale. Usijaribu kulifikisha gari kwenye maegesho, kwa sababu kila atakayeteleza kwenye mstari wako ana haki ya kukudai. Ukigonga: washa taa za hazadi, toka upande ulio salama, ruka nyuma ya kingo, piga namba ya dharura ya njia ambayo uliihifadhi kabla ya kuingia. Usisimame kupiga picha za bampa.

Kama kona zimekuingia kwenye damu, njia zipo. Ya kwanza ni hayo mafunzo ya udereva salama. Kuna kituo palepale Nürburgring, unafundishwa kuteleza kwenye uwanja uliomwagiwa maji, na mikataba mingi ya Kasko haiyakatai. Ya pili ni kukodi gari lililoandaliwa kwa njia ile kutoka kwa wakodishaji wa pale Nürburg. Gari la kukodi la kawaida hapana, mikataba yake inakataza. Kabla ya kusaini uliza jambo moja: nikiliharibu kabisa, nalipa yuro ngapi, yote yakiwemo? Kama huna kiasi hicho benki leo, usichukue ufunguo. Ya tatu ni bima ya siku moja kwa gari lako. Hapo sehemu unayobeba mwenyewe mara nyingi hupigwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Ikiwa ni asilimia 10, kwa gari la 30,000 utatoa 3,000 kabla ya kampuni kutoa senti. Siku za kufungiwa njia kwa kikundi ni kitu tofauti tena: Haftpflicht ya kawaida huenda isikufuate huko, na washiriki husaini kwamba hawatadaiana, kwa hiyo aliyekugonga anaweza kuondoka zake bila kukulipa.

Uliuliza nani yuko sahihi. Kuhusu bima, mkeo ana haki ya kuogopa mpaka karatasi iseme vingine. Kuhusu "nipo kazini", hilo hakuna Kasko inayolilipia. Ameweka saini yake kwenye deni lako, nawe ukamficha mahali gari linapolala hatarini. Nadhani hicho kimemuuma kuliko kona zenyewe. Mwambie mara zote mbili, na tarehe zake, kabla hajauliza. Mpaka hapo gari libaki la kwenda kazini. Kama mna bima ya maisha au ya ajali, itoeni muiangalie pamoja, maana nazo huwa na kifungu cha mashindano. Na jibu la kampuni likija kwenye barua pepe, mpe yeye asome kwanza.