Mimea ya Kidimbwini Hupandwa Ili Ivunwe

Mhariri, swali la wiki hii liliuliza kama mimea inayoelea kwenye vidimbwi vya bustani inastahili kupandwa au inamwongezea mtu kazi tu. Jibu langu ni kwamba inastahili, mradi anayeipanda awe tayari kuivuna kila wiki inapokuwa katika kasi ya kukua.

Mimea hii hufyonza naitrojeni na fosforasi zitokanazo na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula chao, na hivyo kuunyima riziki mwani, vimea vidogo vinavyoyafanya maji kuwa ya kijani. Ikiachwa ifie na kuozea humo humo, virutubisho hivyo hurudi majini. Mwaka mmoja niliiacha azola, kangaga dogo lielealo juu ya maji, itande kidimbwi kizima. Alfajiri moja nikawakuta samaki wamesongamana kwenye upenyo mdogo pembeni, midomo juu, wakitweta, kwa sababu zulia lile lilikuwa limeziba hewa huku uozo wa chini ukiimaliza oksijeni iliyosalia. Tangu siku hiyo siruhusu ifunike zaidi ya nusu ya maji.

Hata hivyo, azola ndiyo niipendayo kuliko zote. Ndani ya vijani vyake huishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, na ndiyo maana wakulima wa mpunga wa China na Vietnam wameitumia kuwa mbolea kwa karne nyingi. Mimi huiopoa kwa chujio na kuitandaza mbichi kwenye mashina ya mboga, unene wa vidole viwili, ikazuia udongo kukauka huku ikioza taratibu.

Magugumaji yanahitaji subira zaidi. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji, kwa hiyo rundo lake likikosa majani makavu ya kuchanganywa nalo hugeuka uji unaonuka. Kabla ya kuyapeleka kwenye mboji huyalaza usiku kucha ukingoni, mizizi ikielekea majini, ili konokono na wana wa vyura waliojificha humo wapate kurudi.

Yanayozidi yasitupwe mtoni wala mferejini kamwe. Magugumaji yametoka Amerika Kusini, na waliokiona kilichotokea Ziwa Victoria wanajua jinsi yanavyofunga njia za mitumbwi. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuyauza tangu 2016. Na kama kidimbwi hupokea maji yatiririkayo kutoka barabarani, mavuno yake yaende kwenye maua, si kwenye mboga, kwani mizizi hiyo hufyonza pia madini yenye sumu.