Re: Gari inagonga "ko!" nikikanyaga breki, pedi ni mpya

Pole mkuu. Umesema inagonga mara moja tu ukikanyaga breki, na ukitoka kurudi rivasi ndo inarudia tena, hiyo ni dalili nzuri sana. Kabla hujanunua kitu, tafuta sehemu tambarare isiyo na watu, nenda mbele taratibu kanyaga breki, rudi nyuma kanyaga tena. Kama kila ukibadilisha mwelekeo inagonga "ko" moja halafu kimya, basi mara nyingi ni pedi zinacheza kwenye kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski ya breki), mafundi wengi wakiweka pedi mpya wanaacha vile vibati vidogo vya kuzibana au wanarudishia vya zamani vilivyolegea. Mimi yangu ilinisumbua miezi, nimebadilisha shokapu na linki (vyuma vya chini ya gari) bila faida yoyote, kumbe kibati kimoja hakikuwepo, pedi ukiishika kwa kidole inacheza tiki tiki.

Sasa jaribu na hii, ukiwa mwendo wa mtu anayetembea simamisha gari kwa handbreki peke yake. Handbreki kwa magari mengi inashika magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo ikigonga bado, kagua nyuma: breki na bushi (mipira ya kwenye viungio) za huko. Isipogonga, rudi mbele: kalipa, na pia bushi za kontroo amu (mikono ya chuma inayoshika gurudumu), zikichanika gurudumu linasogea ukifunga breki.

Ila tafadhali, leo hii kabla hujawasha gari kagua nati za tairi na bolti za kalipa kama zimekaza, mafundi walifungua juzi tu hapo. Na usiingie chini gari ikiwa kwenye jeki peke yake, weka stendi za kubeba gari. Ukishajaribu leta mrejesho.