Pistoni ikikamata: maneno kwa wadogo wanaoanza garaji

Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anafika akiisukuma toka njia ya Sake, vumbi limemganda usoni, na neno lake la kwanza ni lile lile: "Fundi, jioni nipate." Tajiri wa pikipiki anangoja hela yake. Mdogo wangu, hapo ndipo mkono unapokimbilia nyundo.

Wangu ulikimbilia. Nikiwa na miezi michache tu kwenye garaji moja hapa Goma, niliachiwa pikipiki ya Boxer iliyokamata, yaani pistoni imeganda ndani ya silinda. Nikasimamisha kipande cha nondo juu ya pistoni, nikapiga. Pistoni ikatoboka, vipande vya alumini vikamwagika ndani ya karteri, lile sanduku la chini la injini, na bieli, mkono unaoishika pistoni, ikapinda. Mzee aliyekuwa ananifundisha hata hakufoka. Alisema, "Huyo alikuwa maiti. Wewe umeua na wazima." Nilifanya kazi bila posho mpaka deni likaisha.

Maneno ya mzee yana hesabu ndani yake. Pistoni iliyokamata utaitupa hata ikitoka nzima. Unachookoa ni silinda, bieli na vilbreke, yaani mhimili unaozungushwa na bieli, na hivyo ndivyo ghali.

Kwanza hakikisha ni pistoni kweli. Kiki ikigoma kushuka, toa buji, ile plagi ya cheche. Pengine kabureta imevujisha petroli ikajaza silinda, na ukitoa buji itaruka nje na injini itazunguka bila shida. Kaa mbali na jiko na sigara ya jirani. Kama bado imegoma, weka gia huru uzungushe gurudumu la nyuma, usije ukafungua injini kumbe ugonjwa uko kwenye gia au cheni.

Halafu uliza ilikamata vipi. Iliyozima njiani ikiwa moto imekosa oili au imechemka: alumini ya pistoni imepakaa ukuta wa silinda. Iliyolala uani miezi ya mvua imekamatwa na kutu, segmenti, zile pete za pistoni, zimeshikana na chuma cha ukuta. Hii ya pili ina huruma. Mimina mazutu, yaani dizeli, iliyochanganywa na oili kidogo kupitia tundu la buji, uiache ilale. Kesho yake weka kle, yaani spana, kwenye nati ya volani, gurudumu zito lililo mwisho wa vilbreke, utikise mbele na nyuma, kidogo kidogo. Ukilazimisha upande mmoja, nati itafunguka na vilbreke itabaki pale pale. Ikigoma, ongeza mazutu, ilale tena. Motari atanuna. Mwache anune.

Ikibidi kufungua, mwaga oili kwanza na uiangalie juani. Ikimeta kama imetiwa unga wa fedha, alumini imeshasambaa na karteri nayo itaoshwa. Toa kulasi, kifuniko cha juu cha silinda, na cheni ya ndani uifunge kwa waya isitumbukie. Kuivua huko chini kunakula nusu saa, na matusi. Kama ukuta juu ya pistoni una kutu, usugue kwa msasa laini kabla ya kusukuma chochote, la sivyo pistoni itapanda mita ya sisimizi na kukwama tena.

Sasa tazama pistoni imesimama wapi. Ikiwa juu kabisa au chini kabisa, pistoni, bieli na pini ya vilbreke vimenyooka mstari mmoja. Pigo lolote hapo halizungushi kitu, linatua moja kwa moja kwenye beringi ya bieli. Usipige. Ikiwa katikati, tumia gogo la mti mgumu, la mviringo, jembamba kidogo kuliko silinda, na ugonge kama anayebisha hodi usiku kwa watu waliolala, huku mwenzako akitikisa kle.

Ikikataa, joto. Hapa wengi wanakosea kwa sababu wanasikia "pasha" na wanapasha vyote. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, na pistoni ni alumini wakati ukuta wa ndani ni chuma. Ukiipasha injini nzima polepole, unaikaza. Mimina maji yanayochemka kwenye mapezi ya nje ya silinda, haraka, na usukume kabla joto halijafika ndani. Moto wa gesi mimi siugusi. Kwenye garaji zetu hakuna pembe isiyo na harufu ya petroli.

Silinda ikishatoka, ziba mdomo wa karteri kwa kitambaa kabla ya kugusa klipsi za pini inayoshika pistoni na bieli. Klipsi ikidondoka humo utafungua injini yote kwa kitu chenye bei ya peremende. Na usirudishe za zamani.

Kisha usioshe pistoni! Ndiyo inayokueleza kilichotokea. Mikwaruzo upande wa egzosi peke yake ni joto, maana huko ndiko kunakounguza zaidi. Mikwaruzo pembe nne inasema pistoni ilitanuka haraka kuliko silinda. Ikiwa imefifia kote, kama imesuguliwa kwa msasa, hilo ni vumbi, na sisi tunaoishi juu ya mawe ya Nyiragongo tunalijua vumbi letu: ni lava iliyosagwa na matairi. Muulize motari kuhusu filta ya hewa. Mara nyingi utasikia aliitoa "ili ivute vizuri".

Alumini iliyoganda kwenye ukuta inatoka kwa soda kali ya kutengenezea sabuni, kwa sababu soda inakula alumini na kuacha chuma. Lakini mwili wa silinda nao ni alumini: paka kwa ufito ndani tu, vaa glavu, kinga macho, fanyia nje, suuza kwa maji mengi. Pitisha ukucha. Ukinasa, silinda iende kuchongwa, nawe ununue pistoni ya saizi ya juu, milimita 0.25 au 0.50. Mpelekee mchongaji pistoni mpya mkononi, apime nayo. Usimtajie namba ya mdomo.

Ukishafunga, mwambie motari aendeshe taratibu bila abiria wawili, na arudi kubadilisha oili ya kwanza baada ya kilomita mia chache. Oili yote humo ni kama lita 1 tu, ikipungua robo imepungua sana. Pistoni mbovu mfungie kwenye mfuko umpe, amwonyeshe tajiri.