Usipande Mbozi kwa taarifa ya El Nino peke yake

Kaka, simama kwanza. Unasema uko Mbozi, mkoani Songwe, umesikia El Nino imetangazwa Pasifiki, unataka kuwahi ekari 5 za mahindi ya muda mrefu kwa mvua ya kwanza ya Oktoba. Usifungue mfuko hata mmoja! Kosa hilo mimi nimeshalilipia.

El Nino ni maji ya Pasifiki ya kati na mashariki, karibu na ikweta, kupata joto la nyuzi 0.5 au zaidi juu ya wastani kwa miezi kadhaa. Hewa iliyokuwa ikipanda juu ya Indonesia huhamia mashariki. Pepo za Bahari ya Hindi nazo zikigeuka zikavuma kutoka mashariki, maji ya moto husogea kuja kwetu na kuleta mvua, na ya baridi huibuka Sumatra, upande wa Indonesia. Bahari ya Hindi isipoitikia, tangazo la El Nino halitoshi. Mwaka 1997 zilienda pamoja, vuli, yaani mvua za Oktoba hadi Desemba, ikafurika. 2015 El Nino ilikuwa kubwa vilevile, Hindi ikaitikia kidogo, na vuli haikufikia ile. 2019 Pasifiki ilitulia, Hindi ikapata joto kali upande wetu, mafuriko yakaja.

Lakini hiyo yote ni vuli, na sisi huku hatuna vuli! Tuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, unaoletwa na ukanda wa mvua ukishuka kusini. Ile tofauti ya joto ya Bahari ya Hindi, kati ya upande wetu na wa Sumatra, kwa kawaida huisha Desemba, mahindi yakiwa hayajafika hata magotini. Tena El Nino inayonyeshea Arusha ndiyo huikausha Zambia, kama 2023/24. Na wewe Tunduma, mpakani na Zambia, unaiona ilipo, Arusha je?

Wanaoniudhi ni wauza pembejeo wanaorusha sauti kwenye magrupu: "El Nino hiyo, wahini!" Wanachukua utabiri wa vuli wa Agosti, wa kaskazini na pwani, wanauzia mbegu watu wa nyanda za juu. Utabiri wako ni ule wa msimu, Mamlaka ya Hali ya Hewa huutoa mwishoni mwa Oktoba.

Hesabu hasara. Ekari 5 ni kilo 40 hadi 50 za mbegu na mifuko 5 ya DAP, mbolea ya kupandia. Mvua ya milimita 10 inalowesha vidole vitatu vya juu, yaani palepale mbegu ilipo. Inachipua vizuri, unafurahi, mzizi ukishuka unakuta vumbi. Jua la wiki mbili linatosha. DAP iliyokaa karibu na mbegu kwenye udongo mkavu inaunguza mzizi uliobaki. Unarudia mbegu yote, na wiki za mwanzo za msimu zimekupita.

Kwa hiyo shika hili moja: pima udongo wako. Weka kopo lenye kuta wima katikati ya shamba, mbali na miti. Kuanzia katikati ya Novemba, subiri maji yafike sentimita 2 hadi 2.5 ndani ya siku 3. Kisha chimba kwa jembe sentimita 20, sehemu tatu tofauti, ufinyange udongo wa chini kabisa. Ukishikamana kama tonge, panda siku hiyohiyo. Ukimwagika kati ya vidole, funga mbegu urudi nyumbani, hata kama jirani ameshamaliza shamba lake.