Mfadhili kaja na mashine, kikundi kinataka kupasuka

SWALI: Habari za kazi mshauri. Sisi tuko 24 kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, mwaka wa tatu huu na hatujawahi kugombana. Juzi kuna shirika limekuja linasema tukijisajili kuwa ushirika tunapewa mashine ya kusaga nafaka bure, sasa nusu wanataka tusaini hata leo na nusu wanasema tukisaini ndo tumekwisha. Mi ni katibu, nisimame upande gani?

JIBU: Pole katibu, hapo ulipo kila upande unakuona msaliti.

Naona mnachanganya vitu viwili. Kwenye kuweka na kukopa hela yenu inazunguka humo humo, mzunguko ukiisha mnagawana, kila mtu na hisa zake anaenda zake. Ushirika ni biashara, haugawanwi ukaisha, una mali na mahesabu ya kukaguliwa, na mashine ikigoma mwezi wa tatu inatakiwa hela ya spea, hapo ndo utaona watu wanavyoangaliana kama hawajuani.

Hela ya bure haina uchungu. Wale walioanzisha duka la ushirika la Rochdale kule Uingereza mwaka 1844 walikuwa watu 28, kila mtu alitoa pauni moja ya hisa, na kwa kipato chao wengi waliichanga kidogo kidogo mpaka ikatimia, halafu duka lilipofunguliwa lilikuwa na unga, siagi, sukari na vitu vichache tu, na kuuza kwa mkopo walikataa. Hata vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vilivyoanza Maradi, Niger mwaka 1991, shirika lilileta mafunzo, mtaji ulikuwa wa wenyewe.

Sisemi mkatae mashine. Kikundi kiacheni kama kilivyo, wanaotaka ushirika waanzishe na hisa zao mpya, na asiyetaka asinuniwe. Ila kabla ya kusaini chochote jaribuni msimu mmoja kuuza mazao pamoja, bila mashine. Kusanyeni magunia sehemu moja, pimeni mbele ya wote, tafuteni mnunuzi mmoja. Hapo mtajuana vizuri sana, maana yupo atakayeleta gunia limejaa makapi, na yupo atakayeapa kikaoni mchana halafu usiku anampelekea dalali kwa sababu kampa cash mkononi (na usimlaani haraka, huenda ana mtoto anadaiwa ada, ushirika unaochelewesha malipo unamfukuza mtu wenyewe).

Shirika nalo liulizwe kwa maandishi: mashine inaandikwa jina la nani? Fundi analipwa na nani wao wakishaondoka? Tunaruhusiwa kuiuza? Wakianza kuzunguka zunguka kwenye hilo la jina, achaneni nao.

Na wewe usikubali kushika madaftari ya kikundi na ya ushirika kwa pamoja, hata wakikubembeleza vipi.