Kufuatilia Serie A msimu mzima: shika timu mbili, ya juu na ya mkiani

Mkuu, umeuliza mtu anafuatiliaje ligi ya Italia kuanzia Agosti hadi Mei bila kuchoka, maana wewe kila mwaka unaanza vizuri, ikifika Novemba umebaki kuchungulia matokeo ya Inter na Juventus kwenye simu. Nitakujibu kwa yale niliyopitia mwenyewe. Mfano wangu ni msimu wa 2024/25, ambao niliufuatilia kwa karibu kuliko yote, na daftari lake ninalo hadi leo.

Ushauri wangu ni huu: shika timu mbili. Moja inayowania ubingwa, nyingine inayopigania isishuke daraja. Ukishika ya juu peke yake, siku ikitoka kwenye mbio na msimu wako umeishia hapo. Ukiwa nazo mbili, karibu kila mechi inakuhusu. Hata Cagliari na Udinese wakikutana Jumapili jioni, kuna timu yako inayosubiri matokeo yao.

Mapenzi yangu kwa timu ndogo yalianza na McDonald Mariga. Nilikuwa sekondari hapa Tanga, na kumwona kijana wa Kenya akicheza katikati ya uwanja pale Parma kulitufanya tuijue klabu ambayo wala tusingeitazama. Mwanzoni mwa 2010 akahamia Inter, ile ya kocha José Mourinho iliyobeba ligi, Coppa Italia (kombe la mtoano la Italia) na Ligi ya Mabingwa mwaka huohuo. Wenzangu wakahama naye. Mimi nikabaki na Parma, nikawaona wakifilisika 2015, wakaanza upya Serie D ambalo ni daraja la nne, wakapanda mara tatu mfululizo na kurudi Serie A mwaka 2018. Tangu hapo nimezoea kuusoma msimamo wa ligi kuanzia chini kwenda juu.

Kwa 2024/25 nikachagua Napoli juu na Lecce chini. Napoli walikuwa mabingwa wa 2023, lakini msimu uliofuata wakaporomoka hadi nafasi ya 10. Wakamleta kocha Antonio Conte, na mechi ya kwanza kabisa wakapigwa 3-0 na Verona. Nilitaka kuona mtu anaijengaje upya nyumba iliyobomoka kiasi kile. Lecce ni mji wa kusini kabisa, kwenye kisigino cha ile buti ya Italia. Klabu yao inaishi kwa kuvumbua vijana na kuwauza, kazi ambayo Pantaleo Corvino, aliyesimamia usajili wao msimu ule, ameifanya miaka mingi. Februari 2025 walimuuza Patrick Dorgu kwa Manchester United, wao wenyewe wakiwa wanachungulia shimo. Novemba walishamtimua kocha Luca Gotti, na Marco Giampaolo akarithi mikoba.

Kuhusu saa, kwa sababu hili huwatoa watu wengi kwenye reli. Italia hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mechi yao kubwa ya usiku, ya 20:45, kwetu huanza saa nne kasoro robo usiku wakati wa kiangazi chao, na saa tano kasoro robo wakati wa baridi. Ile ya mchana ya 12:30 huwa saa saba na nusu au saa nane na nusu. Ukilijua hilo hutakosa kipindi cha kwanza.

Halafu nunua kaunta buku, lile daftari nene la jalada gumu. Yangu ilikuwa ya kwaya mbili. Kila Jumanne, mechi za Jumatatu zikishakwisha, niliandika msimamo wote wa timu 20 kwa mkono. Usiandike matokeo ya timu zako tu. Mkono ukiandika majina 20 kila wiki, kichwa kinaanza kuona vitu. Niliona Roma ikibadilisha makocha wawili kabla ya Desemba, ikiwa inakaribia maeneo ya hatari, kisha Claudio Ranieri akaitwa kutoka nyumbani, mzee wa miaka 73, na timu ikaanza kupanda mstari mmoja, miwili, hadi ikamaliza ya tano. Ukitazama simu unaona Roma ni ya tano basi. Kwenye daftari unaona safari nzima.

Januari Khvicha Kvaratskhelia akaondoka Napoli kwenda PSG ya Ufaransa. Siku ile nilidhani ubingwa umeondoka naye. Sikujua bado uzito wa Scott McTominay, kiungo waliyemchukua kutoka Manchester United, ambaye alimaliza na mabao 12 ya ligi na kuchaguliwa mchezaji bora wa msimu.

Sasa fika Aprili, hapa ndipo utamu ulipo. Inter walikuwa mbele ya Napoli kwa pointi tatu. Tarehe 20 wakafungwa na Bologna 1-0, bao la Riccardo Orsolini dakika za nyongeza. Kesho yake Papa Francis akafariki, mechi za Jumatatu ya Pasaka zikaahirishwa, na Inter dhidi ya Roma ikasogezwa kutoka Jumamosi ya mazishi hadi Jumapili. Katikati ya wiki Inter wakatolewa na Milan kwenye Coppa Italia kwa 3-0. Jumapili ile tarehe 27 Roma wakawafunga tena 1-0, na usiku huohuo McTominay akacheka na nyavu mara mbili dhidi ya Torino. Ndani ya siku nane, waliokuwa nyuma kwa pointi tatu wakawa mbele kwa pointi tatu.

Lecce wiki ile walikuwa na jambo zito kuliko pointi. Mtaalamu wao wa viungo, mtu aliyekaa na klabu miaka mingi, alifariki ghafla wakiwa safarini kwenda kucheza na Atalanta. Mechi ilisogezwa siku mbili tu, na klabu ilitaka muda zaidi wa kuomboleza. Wakaingia uwanjani Bergamo, nyumbani kwa Atalanta, na fulana nyeupe tupu, bila nembo wala rangi zao za njano na nyekundu. Wakatoka sare 1-1 na timu iliyomaliza ya tatu. Nimetazama mpira miaka mingi, na ile fulana nyeupe sijaisahau. Kama ningekuwa nashika Napoli peke yake, ningeipita kama habari ya mistari miwili.

Wiki iliyofuata, tarehe 3 Mei, timu zangu mbili zikakutana Via del Mare, uwanja wa Lecce. Mtu akishika mbili, siku hiyo lazima ifike, na nikuambie ukweli, inauma. Napoli walihitaji pointi tatu, Lecce walihitaji hata moja. Giacomo Raspadori wa Napoli akapiga mpira wa adhabu, bao, 1-0, basi. Nilifurahi na nikahuzunika kwa bao lilelile. Nilikaa kimya hadi kibanda umiza, kile tunachotazamia mpira, kikafungwa.

Baada ya hapo Napoli wakatoa sare 2-2 nyumbani na Genoa, pengo likawa pointi moja. Ikaja raundi ya 37 kati ya 38, Jumapili ya tarehe 18 Mei, mechi tisa kwa wakati mmoja. Napoli walikuwa ugenini kwa nani? Parma yangu ya zamani, wanaopigania kubaki. Inter wako nyumbani na Lazio. Lecce nyumbani na Torino.

Parma wakagoma. Napoli waligonga miamba, na dakika za nyongeza mwamuzi akawapa penalti, VAR (mwamuzi wa video) ikaifuta. 0-0. Inter walikuwa wanaongoza 2-1, na kwa wakati ule wao ndio walikuwa kileleni. Dakika ya 90 Lazio wakapata penalti, Pedro, mwenye miaka 37, akaiweka ndani, bao lake la pili usiku ule. 2-2. Napoli 79, Inter 78. Na Lecce, ambao hawakuwa wameshinda kwa miezi mitatu na zaidi, wakawafunga Torino 1-0. Shika hilo jina la Lazio, nitalirudia.

Ijumaa tarehe 23 Mei hakukuwa na mechi ya Uingereza, hivyo mwenye kibanda akakubali kuweka Napoli dhidi ya Cagliari. Televisheni moja tu, kwa hiyo Como dhidi ya Inter tuliifuata kwenye simu yangu. Dakika ya 20 Stefan de Vrij wa Inter akafunga kule Como, na kwa zaidi ya dakika 20 Inter walikuwa mabingwa. Conte hakuwa hata kwenye benchi, alikuwa anatumikia adhabu, na Simone Inzaghi wa Inter vilevile. Dakika ya 42 Matteo Politano akamimina krosi, McTominay akajirusha, akaupiga ukiwa hewani. Kipindi cha pili Romelu Lukaku akaufukuzia mpira mrefu, akawasukuma mabeki wawili na kumaliza mwenyewe. 2-0. Inter nao wakashinda 2-0, haikusaidia: 82 kwa 81. Pointi ile moja ilitoka kwenye mguu wa Pedro.

Wengi wanafunga daftari hapo. Usifunge. Serie A haikuwa imekwisha, Jumapili tarehe 25 ilikuwa ya walio chini. Lecce na Empoli walikuwa na pointi 31, Venezia 29, Parma 33, Verona 34. Zinashuka timu tatu, na Monza walishashuka zamani. Na sheria ya sasa ni kwamba timu mbili zikifungana pointi kwenye mstari wa kushuka, zinacheza mechi ya kukata shauri, kama Verona na Spezia Juni 2023, Verona wakashinda 3-1.

Lecce walikwenda kucheza na nani? Lazio, mjini Roma, uwanja wa Stadio Olimpico. Haohao waliowapokonya Inter ubingwa wiki moja nyuma. Na Lazio walikuwa na shida yao, sare tu ingewatosha kushika nafasi ya sita na kucheza mashindano ya Ulaya.

Mechi hii haikuonyeshwa kibandani, nikaifuata nyumbani kwa maandishi, dakika kwa dakika. Dakika ya 43 Lassana Coulibaly wa Lecce akafunga. Kabla ya mapumziko Santiago Pierotti, naye wa Lecce, akala kadi nyekundu. Watu kumi, ugenini, kipindi kizima cha pili. Huko kwingine Parma walikuwa nyuma 2-0 kwa Atalanta, wakarudi wakashinda 3-2. Venezia waliwapeleka Juventus hadi 2-2 kabla Manuel Locatelli hajawazamisha kwa penalti. Empoli wakafungwa nyumbani na Verona 2-1. Karibu dakika ya 80 bando likakata, nikatoka mbio hadi kwa jirani kuomba intaneti, na nilipofungua ukurasa Wladimiro Falcone, kipa wa Lecce, alikuwa bado hajafungwa. Mpira ukaisha 1-0.

Lecce 34, wamebaki. Lazio wakabaki na 65, sawa na Fiorentina. Serie A, timu zikifungana pointi, huangalia kwanza zilipokutana zenyewe kabla ya tofauti ya mabao. Fiorentina waliwafunga Lazio 2-1 nyumbani na 2-1 ugenini. Lazio ya saba, nje ya Ulaya, maana nafasi nyingine ya Ulaya ilishachukuliwa na Bologna, ambao siku chache nyuma walibeba Coppa Italia kwa kuwafunga Milan 1-0, kombe lao kubwa la kwanza tangu 1974.

Unaona jinsi uzi mmoja unavyopita? Penalti ya Pedro iliamua ubingwa wa Napoli, na Lazio haohao wakakosa Ulaya kwa mkono wa timu ya mkiani yenye watu kumi. Hili huwezi kuliona ukiwa umeshika kilele peke yake.

Kuhusu ya kuchagua kwako: ya juu chagua unayoipenda, hapo sina neno. Ya chini, usichague kwa jina. Tazama raundi tano za mwanzo, chukua yenye mchezaji mmoja unayefurahi kumwona akigusa mpira. Kwangu alikuwa Nikola Krstović wa Lecce, aliyefunga 11 msimu ule katika timu iliyopata mabao kwa tabu. Na usihame Januari ikianza kufungwa.

Jumanne tarehe 27 Mei niliandika msimamo wa mwisho, nikapiga mstari juu ya Empoli, Venezia na Monza. Chini yake nikaacha nafasi tatu za wanaopanda. Mbili nilizijaza palepale, Sassuolo na Pisa, ambao walikuwa hawajaonekana Serie A tangu 1991. Ya tatu ikabaki wazi hadi Juni mosi, Cremonese walipokwenda kwa Spezia kwenye fainali ya mchujo na kushinda 3-2.